Jivu la Kusimamia

Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya juu ya Nkubu, huko Meru, mvua kwetu haikuwa habari ya wakulima peke yao. Wazazi wakiona mawingu yameshuka yakafunika mlima, walikuwa wanawaza maharagwe na mbolea. Sisi watoto tuliwaza kitu kimoja tu, kuteleza. Wenzangu wa rika langu wanajua ninachosema, na najua baadhi yenu bado mna makovu kwenye viwiko. Hawa wa siku hizi, ambao wakikanyaga tope wanapiga simu nyumbani watumiwe bodaboda, itabidi niwaeleze polepole.

Mteremko wetu ulianzia nyuma ya shamba la kahawa la babu, ukashuka moja kwa moja hadi kwenye nyasi za mtoni. Udongo wenyewe ni ule mwekundu wa kwetu, ambao ukinyeshewa vizuri hata mbuzi anafikiria mara mbili kabla ya kuupita. Chombo chetu kilikuwa ganda la mgomba. Mkungu ukishakatwa, shina linabaki halina kazi, na ukilibandua kwa uangalifu unapata ganda refu, pana, lililojikunja kingo. Ulichagua lisilo na ufa. Kisha ukatafuta avokado.

Nyinyi mnaouzia wanunuzi wa ng'ambo avokado zenu leo, mkizifunga moja moja kama mayai, mtaniwia radhi kwa hili. Wakati wetu avokado zilianguka zenyewe, mbwa wakala wakashiba, na zilizobaki tukazipaka kwenye maganda ya migomba. Ulipasua iliyoiva kupita kiasi, ukalipindua ganda, ukalisugua upande wa chini mpaka ling'ae. Hapo lilikuwa tayari kukupeleka mtoni hata kama hukuwa umejiandaa kufika.

Watoto wadogo waliteleza wakiwa wameketi. Hilo halikuwa na ufundi, ulishika kingo, ukainua miguu, ukapiga nduru. Lakini kulikuwa na kusimama. Aliyeweza kusimama juu ya ganda tangu kwenye kahawa hadi kwenye nyasi aliitwa mwenye mteremko, na cheo hicho kilikuwa na uzito wake. Yeye ndiye aliyeamua nani aanze, nani abebe maganda kurudi juu, na nani achague nduma ya kwanza ikitoka motoni. Miaka yangu, mwenye mteremko alikuwa dada yangu Nkatha.

Nkatha alikuwa kifungua mimba na mimi kitinda mimba, katikati wakiwa wavulana ambao hawana kazi katika hadithi hii. Alikuwa mwembamba, mkavu, hacheki ovyo. Akipanda ganda alikunja magoti kidogo, akanyoosha mkono mmoja mbele, akashuka kimya huku sisi wengine tukipiga kelele kwa niaba yake. Nilimpenda na nilimwonea wivu, vyote viwili kwa nguvu ileile.

Mimi sikuweza kusimama. Nilijaribu kila mvua, na kila mvua ganda lilinitoka miguuni kabla sijapita mgomba wa kwanza, kwa maana ganda hilo likilowa linateleza juu sawa na chini. Nilianguka ubavu, nikaanguka mgongo, lakini mara nyingi nilianguka kitako na kumalizia safari hivyohivyo hadi mtoni. Binamu yetu Mwenda, ambaye tangu utotoni alikuwa na mdomo mrefu kuliko akili, akanipa jina la Kagendo wa Makalio. Jina likashika. Nikirudi nyumbani mama alinitazama kutoka kichwani hadi vidoleni, akasema maneno yake ya siku zote, "Mimi sikuzaa nguruwe," kisha akanielekeza kwenye pipa la maji baridi.

Mama alimsifu sana Nkatha, na sifa hizo zilinichoma. "Mwone dadako," alikuwa akisema. "Anaamka, anatoa jivu jikoni, hakuna aliyemtuma. Wewe mpaka upigiwe ngoma." Ni kweli. Kazi ya kutoa jivu hakuna mtoto aliyeipenda, linakuingia puani na kwenye macho, lakini Nkatha aliifanya bila kuambiwa, hasa siku za mvua. Kitu kimoja tu mama alimlaumia, miguu yake. Kila mara ilikuwa na weupe wa kijivu. "Huyu msichana hajui mafuta," mama alilalamika. "Nani ataoa miguu ya kuku?" Nkatha hakujibu. Alikuwa na uwezo wa kunyamaza ambao mimi sikujaliwa.

Mwaka ule Nkatha alipata nafasi ya Fomu Wani katika shule ya bweni upande wa Embu. Nyumbani kulikuwa na shangwe, kuku akachinjwa, shangazi wakaja na vikapu. Mimi nilikuwa na jambo langu. Msichana aliyekwenda bweni hakuteleza tena, alikuwa mtu mkubwa na ingekuwa aibu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka ilibidi Nkatha amwachie mtu mteremko, na mtu huyo alikuwa ama mimi ama Mwenda. Mwenda alikuwa ameanza kusimama, si vizuri, lakini alikuwa anafika. Na alishatangaza kwamba siku akiupata, wasichana watakuwa wabeba maganda.

"Nataka nikupe wewe," Nkatha aliniambia tukiwa kitandani, kwa sababu tulilala kitanda kimoja na blanketi moja ambalo yeye alilivuta. "Lakini usimame kwanza. Nikikupa ukiwa umekaa watanicheka mpaka Embu."

"Nifundishe basi."

"Usiangalie miguu. Angalia mto."

Hiyo ndiyo shule yote niliyopewa. Likizo ile nzima niliangalia mto, na likizo ile nzima nilianguka nikiuangalia. Mvua ya Disemba ilikuwa nzuri mwaka huo, ikapita Krismasi ikaingia mwaka mpya, nami nikawa naomba usiku isikatike. Wakulima walikuwa wanaomba jua la kuanika maharagwe. Nadhani Mungu alikuwa na kazi kubwa ya kutusikiliza sote.

Tulipanga siku ya mwisho, kesho yake Nkatha angesafiri. Niliamka mapema nikasikia kimya juu ya mabati. Jua lilikuwa limetoka, jua kali la Januari lisilo na haya. Kufikia mchana mteremko ulikuwa umekauka, hautelezi tena. Tulisimama pale juu nyuma ya kahawa, watoto wote wa kijiji, kila mtu na ganda lake, kama watu waliofika harusini wakaambiwa bwana harusi hayuko. Nkatha alikuwa amevaa sketi yake mpya ya shule ambayo alikuwa amekatazwa kuivaa kabla ya siku yenyewe. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni. Alinitazama kwa muda, akafungua mdomo, akautazama mteremko, akafunga mdomo.

"Basi," alisema. Kisha akamwambia Mwenda, "Chukua. Lakini usimpige mtu."

Nililia kutoka pale hadi nyumbani, nikalia nikila, nikalia nikioga. Asubuhi yake mama alipokuwa akipanga sanduku la shule alipiga kelele iliyofika kwa jirani. "Sketi ya shule! Mpya! Imejaa jivu mfukoni! Nkatha, wewe ni mtoto wa namna gani?" Akachapwa kofi la mgongoni siku ya safari yake, na mimi, Mungu anisamehe, niliona amepata haki yake.

Hayo yalipita. Tulikua. Nkatha alisoma, akapata kazi, akaolewa hukohuko Embu na mtu mpole ambaye hakuwahi kulalamikia miguu yake. Mimi nina duka la vitambaa na nyuzi pale Makutano, mjini Meru, nina wajukuu, na nina Mwenda, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa mwenye koti na tai, na ambaye kila harusi ya ukoo akipewa kipaza sauti hakosi kusema, "Tunamkaribisha dada yetu Kagendo," akanyamaza kidogo, akaongeza, "mnajua jina lake lote." Wazee wanacheka. Vijana wanauliza. Wanaelezewa. Nimezika wazazi, nimesomesha watoto, nimejenga, na bado mimi ni wa Makalio.

Sasa mwezi wa nane uliopita chama chetu cha akina mama kilikodi basi kwenda Malindi kupunga upepo. Tulimpitia Nkatha Embu. Alipanda polepole kwa sababu goti lake lilifanyiwa upasuaji, akiwa na mkongojo na kapu la ndizi za kuchemsha, eti chakula cha pwani hakiaminiki. Tulifika, tukala biriani ambalo halikuwa na kosa lolote, na ndizi zikarudi Embu.

Siku ya pili tulikuwa tumekaa ufuoni, fulana zetu za chama za manjano zikionekana kutoka mbali, nikaona watu wanasimama juu ya maji. Wamesimama juu ya mbao ndefu, magoti yamekunjwa, mkono mmoja mbele, wimbi linawaleta ufuoni. Nilimshika Nkatha mkono.

"Nkatha, hao wanateleza."

"Nimewaona," alisema. "Huyo wa kaptura nyekundu ataanguka. Anaangalia miguu."

Akaanguka.

Mjukuu wangu Mukami, ambaye tulikuja naye ili atushikie simu na kutupiga picha, alituambia hiyo inaitwa sufingi na inafundishwa. "Lakini shosho, hiyo si ya watu wa age yenu," aliongeza. "Utavunjika, halafu mimi ndiyo nitaulizwa." Mukami mwenyewe hakuwa ameyakanyaga maji tangu tufike, anasema chumvi inaharibu nywele. Nilikwenda kumtafuta mwalimu.

Mwalimu alikuwa binti wa hapohapo Malindi, jina lake Mwanajuma, kilemba kichwani na suruali ya kubana ya kuogelea, mabega kama ya mtu anayepasua kuni. Alinisalimu shikamoo, akanitazama fulana, akanitazama tumbo, hakucheka. "Karibu mama. Umeshawahi kupanda ubao?"

"Ganda la mgomba," nilisema.

"Lipi?"

"Wacha tu. Nifundishe."

Alinilaza kifudifudi juu ya ubao palepale mchangani, akanionyesha kuweka viganja karibu na mbavu, kusukuma, na kuruka kwa miguu yote nikatua nimesimama upande. Alinisukuma mgongoni ghafla ili aone ni mguu upi unaotangulia. Ulitangulia wa kushoto. Nilirukaruka pale mchangani hadi wenzangu wa chama wakaanza kuniimbia. Kisha akanipa kipande cha nta, cheupe, kina harufu ya nazi. "Pakaza ubao, mama, nichukue kamba ya mguuni, nakuja."

Mniambie, wenzangu mliokulia kwetu, mngefanya nini? Mtu anakupa kitu cha mafuta, anakwambia upakaze chombo cha kutelezea. Mimi niliupindua ubao. Nikapiga magoti nikapakaza tumbo lake kuanzia pua hadi mkia, kwa bidii yote, nikasugua kama nasugua avokado, mpaka kipande kikabaki kidogo. Nilikuwa nimefurahi kama mtoto. Nikaugeuza tena, nikaulaza mchangani, nikasimama kando yake nikijishika kiuno.

Mwanajuma aliporudi akauinua, nusu ya ufuo wa Malindi ilinyanyuka nao. Mchanga ulikuwa umegandia chini yake kote. Alitazama ubao, akanitazama mimi, akajaribu kuwa na heshima, ikamshinda. Alicheka mpaka akakaa.

"Mama wee! Nta ni ya juu! Ni ya kukamatia nyayo!"

"Juu? Na chini kutatelezaje?"

"Chini bahari itakutelezesha yenyewe, haitaki msaada wako. Tabu iko juu, unaposimama. Mguu ukikosa pa kushika, umekwenda. Ndiyo maana tunaweka kitu cha kukwaruza."

Nilisimama pale. Sikusikia tena waimbaji wa chama. Nilikuwa naona jiko la mama, na msichana mwembamba ameinama anachota jivu bila kutumwa, hasa siku za mvua. Naona miguu yake ya kijivu. Nikageuka kumtazama Nkatha pale alipoketi. Alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, na mabega yanatetemeka.

"Nkatha! Jivu!"

Kicheko kilimzidi. Nilimwendea na mchanga miguuni, nikamsimamia mbele.

"Ulikuwa unapaka jivu juu ya ganda!"

"Nilikuwa napaka," alisema, akifuta machozi. "Jivu na mchanga kidogo wa mtoni. Kabla hamjafika."

"Na mimi ukaniambia niangalie mto!"

"Mto pia ni muhimu."

"Uliniacha nikianguka miaka yote ile! Mwenda ananiita Makalio mpaka kanisani! Nkatha, kwa nini?"

Hapo aliacha kucheka. Alishika mkongojo wake akachora kitu mchangani, akakifuta. "Unajua nguo zangu zilikuwa zinakwenda wapi nikizivua?" aliniuliza. "Kwako. Viatu, kwako. Vitabu, kwako. Hata kitanda tulilala wawili. Kila nikipewa kitu nilijua kinakungoja wewe. Nikataka kimoja tu kisikufikie."

Nilianza kukung'uta mchanga magotini.

"Halafu ile siku ya mwisho nikaona ni upuuzi," aliendelea. "Nikaweka jivu kwenye mfuko wa sketi, nikuonyeshe mbele yao wote. Lakini jua likatoka. Nikakuangalia, nikaona nikikwambia sasa, na mteremko umekauka, utalia zaidi. Nikanyamaza. Baadaye ikawa ni ya zamani sana, nikaona haya."

Mkono mfukoni. Mdomo uliofunguka ukafungwa. Kofi la mama siku ya safari, ambalo mimi nililifurahia, alilipata kwa ajili yangu. Niliketi kando yake mchangani nikalia kidogo, si vibaya, machozi ya kawaida, naye akanipigapiga mgongo kwa mkono uleule mkavu. Mukami alikuja mbio. "Shosho, si nilikwambia utaumia?"

"Sijaumia," nilisema. "Nenda ukashike simu vizuri."

Mwanajuma alikuwa amekwangua nta ya chini kwa ganda la kombe. Kile kipande kilichobaki nilikipakaza juu, mahali pa nyayo, nikikizungusha alivyonionyesha, na sitaki kuwadanganya, nilipakaza na mchanga kidogo pia, kwa heshima ya jivu. Tukaingia majini. Maji ya pwani yana joto, hilo nalo ni jambo la ajabu kwa mtu aliyeogea mto wa mlima. Wimbi la kwanza lilinitupa. La pili lilininywesha chumvi ya mwaka mzima. Nilikuwa nimechoka, mikono inauma, na Mwanajuma akaniuliza kwa upole kama tupumzike.

"Moja tena," nilisema.

Alisubiri, akachagua, akanisukuma. Nilisikia ubao umebebwa. Nikaweka viganja, nikasukuma, nikaruka kwa namna ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuruka, na nyayo zangu zikashika. Zilishika! Lakini macho yangu, kwa tabia yao ya zamani, yakashuka kutazama miguu. Hapo ndipo niliposikia sauti kutoka ufuoni, kali, kwa Kimeru chetu, ikipita juu ya mawimbi yote:

"Angalia mto, Kagendo! Mto!"

Hakukuwa na mto. Kulikuwa na ufuo, fulana za manjano, na dada yangu amesimama bila kushikwa na mtu, mkongojo wake umeinuliwa juu. Nilimwangalia yeye. Nilifika nimesimama hadi maji yalipoisha, nikashuka kwa miguu yangu mwenyewe kama mtu anayeshuka ngazi, na hapo ndipo nilipoanguka, lakini hiyo haihesabiwi.

Video ilimfikia Mwenda kabla hatujakausha nguo. Alijibu baada ya muda mrefu sana kwa mzee mwenye mdomo kama wake. Aliandika, "Nimeona. Mteremko ni wako."

Ni wangu, lakini haupo. Tuliporudi nilikwenda nyuma ya kahawa ya babu kuutazama. Kahawa iling'olewa, pamewekwa matuta na avokado za kuuza, zimezungushiwa waya na kufuli. Chini mtoni kuna pampu. Watoto wa nyumba ile walikuwa barazani na simu, wasafi, magoti yao hayana hata alama. Nilitaka kuwaambia kitu nikaona wataniona shosho msumbufu. Hata ningewaambia, jivu wangelitoa wapi? Tunapikia gesi. Mimi mwenyewe nimekaa miaka bila jivu nyumbani, na sikuwa nimeona pengo lake. Enzi zetu tulikuwa na kitu kimoja kwa watu wengi, kitanda, blanketi, sketi, na tulilalamika. Leo wajukuu wangu kila mmoja ana chumba chake na chaja yake, hakuna anayelazimika kumficha mwenzake kitu, na hakuna anayesubiri kupewa kitu na mwenzake pia.

Siku ya kuondoka Malindi, Mwanajuma alikuja kutuaga akanipa kipande kipya cha nta, kizima, kimefungwa kwenye karatasi, niende nacho nyumbani kama ukumbusho. Kabla sijakitia mkobani Nkatha alinyoosha mkono akakichukua, akakinusa, akakifunga kwenye ncha ya leso yake.

"Hii ni yangu," alisema. "Usiiguse."

Nikienda kumtembelea Embu nakiona kwenye kabati la vikombe, mbele kabisa, ambapo watu wengine huweka picha za mahafali. Wageni wanadhani ni sabuni. Sijawahi kukiomba, na hata nikialikwa tena baharini, nitanunua changu.